Mali ya Kiongozi ni Sehemu ya Amana Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya na wageni wao, siku ya sherehe ya ukumbusho)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. 

Kila zinapofika siku za uchaguzi, watu huulizana habari za mgombea: kabila lake, dini yake, chama chake, na ufasaha wa ulimi wake. Ni wachache wanaouliza swali moja ambalo katika zama za Sayyidna Umar bin Khattab lilikuwa la kwanza, nalo ni hili: mtu huyu ana nini leo, kabla hajakabidhiwa ufunguo? Swali hilo ndilo maudhui ya hotuba hii.

Ufunguo umetajwa hapa kwa sababu. Katika Suratu Nnisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wazirudishe amana kwa wenyewe, na wanapohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Wafasiri wametaja kuwa aya hii ina uhusiano na siku ya kufunguliwa Makka, katika mwaka wa 8 wa Hijra, ufunguo wa Al-Kaaba uliporudishwa kwa Uthman bin Talha, ambaye jamaa zake ndio waliokuwa wakiutunza. Mshindi wa siku ile alikuwa Mtume mwenyewe, na hapana aliyeweza kumzuia lolote. Lakini ushindi haukuigeuza amana ikawa mali ya mshindi. Basi, ikiwa kushinda vita hakumpi mtu haki ya kumiliki ufunguo, vipi kushinda kura kutampa mtu haki ya kuimiliki hazina?

Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, imesimuliwa habari ya mtu wa kabila la Azd, aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya. Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam) alimtuma kukusanya sadaka za Bani Sulaym. Aliporejea Madina aliigawa mizigo yake mafungu mawili: fungu moja akalikabidhi kuwa ni mali ya Waislamu, na la pili akalizuia, akidai kuwa hilo alipewa yeye zawadi. Mtume alipanda mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au kwa mama yake akatazama kama zawadi hizo zitamfuata huko. Akawahadharisha watu kuwa atakayechukua chochote kwa njia hiyo atakuja Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, akiwa ni ngamia, ng'ombe au mbuzi, na mnyama huyo akilia.

Hapa pana mizani ambayo hata mtoto wa chuoni aweza kuitumia. Zawadi inayomfuata mtu kwa sababu ya ujamaa, ujirani au mapenzi ni halali yake. Zawadi inayokifuata kiti haimo katika mali ya aliyekikalia. Atakaposhuka yeye na kupanda mwingine, zawadi itamhama pamoja na kiti, na hapo itadhihiri kuwa tangu mwanzo haikuwa yake.

Sayyidna Umar (Radhiya Llahu anhu), aliyeshika Ukhalifa tangu mwaka 634 hata mwaka 644, aliichukua mizani hiyo akaifanya kanuni ya serikali. Al-Baladhuri ameeleza kuwa Umar alipomtawalisha mtu jimbo, kwanza aliiandika mali yake. Mtu huyo akionekana baadaye kuwa na ziada isiyolingana na hali yake ya kwanza, aliulizwa, na mara nyingi nusu ya ziada ilirudishwa katika Bayt al-Mal. Amr bin al-As, aliyeifungua Misri, hakusalimika na hesabu hiyo. Khalifa alimwandikia kuwa ameonekana na bidhaa, watumwa, vyombo na wanyama ambao hakuwa nao alipotawalishwa. Amr alijibu kuwa nchi ile ni ya kilimo na biashara. Jibu hilo halikukubaliwa. Alipelekwa Muhammad bin Maslama, akaihesabu mali na kuigawa.

Yafaa kutazamwa vizuri jambo hili. Amr hakuwa mtu duni. Alikuwa sahaba wa Mtume na jemadari mkubwa, na hapana mtu aliyethibitisha kuwa aliiba hata dirhamu moja. Umar hakumwita mwizi. Alichokataa ni biashara ya mtawala katika nchi anayoitawala, kwa kuwa mnunuzi hawezi kupatana bei na mtu mwenye askari mlangoni.

Kisa cha pili kimo katika Muwatta ya Imam Malik, nacho chawahusu wanawe Umar mwenyewe, Abdullah na Ubaydullah. Vijana hao walikuwa wakirejea kutoka Iraq, wakapita kwa Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana wa Basra. Yeye alipenda kuwafaa. Akawakopesha fedha za Bayt al-Mal zilizokuwa zipelekwe Madina, wanunue bidhaa za Iraq, wauze Madina, wamkabidhi Khalifa rasilmali, na faida iwe yao. Wakafanya hivyo na wakapata faida. Umar alipopata habari aliuliza neno moja tu: je, askari wote wa jeshi walikopeshwa kama walivyokopeshwa hawa wawili? Wakajibu kuwa sivyo. Akaamuru watoe rasilmali na faida. Abdullah alinyamaza. Ubaydullah alijitetea kuwa mali ile ingelipotea wangelilipa wao. Mwishowe mtu mmoja katika baraza akashauri ifanywe kuwa ni kiradhi, yaani mali ya mmoja na kazi ya mwingine. Umar akakubali, akachukua rasilmali na nusu ya faida kwa ajili ya Waislamu, na vijana wakabakiwa na nusu.

Hapana aliyeiba katika kisa hiki. Mkopo ulikuwa wazi, mali ilirudi, na faida ilipatikana kwa jasho. Lakini mlango walioingilia vijana wale ulikuwa mlango wa jina la baba yao, na mlango huo haukuwa wazi kwa mtoto wa askari wa kawaida. Leo wangapi hupata viwanja, mikopo, kandarasi na nafasi za masomo kwa mlango huo huo, kisha husema kuwa hawakuvunja sheria yoyote?

Sasa tutazame sheria za zama hizi. Nchini Uganda, sheria ya kwanza ya mwenendo wa viongozi ilitungwa mwaka 1992. Katiba ya mwaka 1995 ikaweka mlango mzima, wa 14, kwa ajili ya Kanuni za Uongozi, na kifungu chake cha 233 kikaagiza kuwa viongozi wataje mapato yao, mali zao na madeni yao, na waeleze jinsi walivyovipata. Kazi ya kuisimamia sheria hiyo ilikabidhiwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kisha ikaja Sheria ya Kanuni za Uongozi ya mwaka 2002. Iliagiza kuwa mtu aandike tamko lake katika muda wa miezi 3 tangu kuwa kiongozi, na baada ya hapo kila miaka 2, katika mwezi wa Machi. Tamko lisiwe la mali yake peke yake, bali pia la mali ya mkewe au mumewe, watoto wake na wanaomtegemea.

Sheria hiyo ilisema mambo mengine mawili ambayo Muislamu ayasomapo humkumbuka Ibn al-Lutbiyya. La kwanza, zawadi apewayo kiongozi katika hafla ya watu wote huhesabiwa kuwa ni ya Serikali, na yapasa itangazwe. La pili, kiongozi asishughulikie jambo ambalo ndani yake ana maslahi yake mwenyewe, bila ya kuyadhihirisha maslahi hayo. Tena ikaweka kuwa yaliyomo katika tamko ni habari za umma, na raia aweza kuomba kuyaona kwa fomu iliyowekwa. Na mwaka 2009 ilitungwa Sheria ya Kupambana na Rushwa, iliyofanya kuwa ni kosa mtu kuishi maisha, au kumiliki mali, visivyolingana na kipato chake kinachojulikana.

Nchi jirani nazo hazikunyamaza. Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa zimekwisha kuungana, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, wala asiwe na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 huko Zanzibar, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyomtaka kiongozi aandike mali yake katika siku 30 tangu kushika madaraka, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2003. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 99, imemtaka Rais na mawaziri kuandika mali ya jamaa zao wanapoingia na wanapotoka, na asiyefanya hivyo katika siku 30 anahesabiwa kuwa amejiuzulu.

Kwa hivyo sheria zipo. Lakini sheria iliyoandikwa ni kama mtego usiotegwa. Huko Uganda, Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili liwepo Baraza la kuwahukumu wanaovunja Kanuni za Uongozi. Sheria ya kuliunda ikapatikana mwaka 2017, na wajumbe wake wakaapishwa mwaka 2020. Yaani ilipita miaka 15 baina ya ahadi na kitendo. Katika muda kama huo mtoto huzaliwa, akahitimu Msahafu, akaanza kufunga Ramadhani.

Wako watu wema wanaouchukia utaratibu huu, nao wana hoja zao, na haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza yasema kuwa kuichungulia mali ya mtu ni kumvunjia sitara, na kwamba Suratu Hujurat imekataza upelelezi. Neno hilo ni kweli kwa mtu aliyejikalia nyumbani kwake. Lakini aliyetoka akazunguka mitaa yote akiomba apewe ufunguo wa watu, huyo ameufungua mlango wake kwa mkono wake mwenyewe. Wala Muislamu si mgeni wa kuhesabu mali. Hapana Zaka ila kwa hesabu, na hapana mirathi ila baada ya kuandika alichoacha maiti, hata mkeka na sufuria. Ajabu ni mtu kukubali mali yake ihesabiwe akiwa ndani ya sanda, na akatae ihesabiwe akiwa ndani ya baraza.

Hoja ya pili ni ya kijicho: kwamba mali ikitajwa itatupiwa macho mabaya. Kijicho kipo, wala hakikanushwi. Lakini mali ya kiongozi haifichiki: nyumba ina paa, na gari lina mlio. Macho ya watu yako pale pale, iandikwe au isiandikwe. Isipoandikwa, kijicho huongezewa dhana. Na dhana humla mtu mwaminifu pamoja na mwizi, bila ya kuwapambanua.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Sharia imempa mwanamke wa Kiislamu mali yake mbali na ya mumewe. Mahari yake ni yake, urithi wake ni wake, na faida ya biashara yake ni yake. Vipi basi aandikwe katika karatasi ya mume? Jibu ni kuwa kuandika si kunyang'anya. Mali ya mke ikiandikwa kwa jina lake, na asili yake ikatajwa, miliki yake imethibitishwa. Linaloogopwa ni mume kulitumia jina la mke kama sanduku la kufichia. Imepokewa kuwa mkewe Umar, Ummu Kulthum, alimpelekea manukato malkia wa Rumi, naye malkia akamrudishia johari. Umar alizitia johari zile katika Bayt al-Mal, akamlipa mkewe thamani ya manukato yake, kwa kuwa tarishi aliyezileta alikuwa tarishi wa Waislamu. Haki ya mke ilihifadhiwa, na haki ya umma ikahifadhiwa.

Hoja ya nne yasema kuwa mwizi ataandika uongo, basi faida ya karatasi ni nini? Faida yake ni hiyo hiyo ya uongo kuandikwa. Mtu asiyeandika kitu, kila nyumba aweza kudai kuwa alikuwa nayo tangu zamani. Aliyeandika kuwa hana kiwanja, kisha akaonekana na kiwanja, mkono wake mwenyewe umemshuhudia.

Wala isidhaniwe kuwa dini yauchukia utajiri. Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf walikuwa matajiri wakubwa, na wote wawili wamebashiriwa Pepo. Mali yao ilijulikana ilipotoka, nayo ni biashara. Na ilijulikana ilipokwenda.

Mpaka hapa lawama imemwelekea kiongozi. Lakini uadilifu wataka na watu wa mtaa wajitazame.

Mfano wake ni huu. Yuko fundi cherehani, mtu mwaminifu, mwenye vyerehani viwili na chumba cha kupanga. Watu wa mtaa wakampenda, wakamchagua kuwa diwani. Kabla ya mwezi kwisha, mlango wake umejaa. Huyu amekuja kwa kafani, huyu kwa karo ya mtoto, huyu kwa mchango wa harusi. Kamati ya msikiti imekuja kwa mabati. Posho ya diwani haifiki hata robo ya mahitaji hayo. Akisema hana, huambiwa kuwa amebadilika na kuwasahau waliomchagua. Na wazee humkumbusha kuwa mkono mtupu haulambwi. Kisha usiku wa kuamkia Idi anakuja mkandarasi na ng'ombe mnono, awape watu wa mtaa wachinje, na jina litajwe la diwani. Ng'ombe analiwa, dua inasomwa, na diwani anasifiwa. Mwezi wa tatu zabuni ya kujenga soko inaletwa mezani, na mkandarasi yule yule ni mmoja wa waombaji.

Je, ni nani aliyemharibu fundi yule? Mkandarasi ana fungu lake, na yeye mwenyewe ana fungu lake. Lakini walioila nyama nao wana fungu. Msikiti ulioezekwa kwa mabati yasiyoulizwa asili yake umemfundisha kiongozi kuwa watu wa dini huuliza wingi wa kitu, hawaulizi kilikotoka.

Kama fundi yule angekuwa na karatasi yake, imeandikwa vyerehani viwili, chumba cha kupanga na deni la duka, angekuwa na ngao. Angewaonyesha watu alichonacho, nao wangeona haya kumdai asichonacho. Na mkandarasi angeliogopa kumpa ng'ombe ambaye yapasa aandikwe. Kwa hivyo utaratibu huu humkamata mwizi, na kabla ya hapo humlinda mwaminifu.

Basi Jumuiya inayosherehekea miaka yake yapasa ianze na nyumba yake, kwa kuwa mtu hawezi kumdai Waziri hesabu ilhali mtunza hazina wa msikiti hajasoma hesabu yake tangu Ramadhani iliyopita. Mambo manne yako katika uwezo wa watu waliohudhuria hapa.

La kwanza, kila atakayechaguliwa katika Jumuiya aandike, mbele ya wazee na kabla ya kupokea funguo, mali yoyote ya Jumuiya au ya wakfu iliyo mkononi mwake, nyumba ya wakfu anayopanga ikiwa ipo, deni analodaiwa, na biashara yoyote aliyo nayo na Jumuiya. Aandike tena siku atakayotoka.

La pili, mapato na matumizi yasomwe hadharani baada ya Sala ya Ijumaa, kila baada ya miezi mitatu, na daftari liwe wazi kwa kila mwanachama.

La tatu, uwekwe mfuko wa Jumuiya kwa ajili ya kafani, wagonjwa na mayatima, ili haja za watu zisiwe mzigo wa diwani wala mbunge. Na kiongozi akileta mchango, aulizwe kwa heshima kama ni wa mfuko wake au wa ofisi, na apewe stakabadhi iliyoandikwa hivyo.

La nne, pale sheria ya nchi inapompa raia haki ya kuona tamko la mali ya kiongozi, haki hiyo itumiwe. Wachaguliwe vijana wawili waliosoma, wajaze fomu kwa adabu, na majibu yaletwe mbele ya wazee, yasigeuzwe kuwa porojo za barazani. Asiyethibitikiwa kosa asiitwe mwizi, kwani kumsingizia mtu nako ni dhuluma.

Mtoto wa leo anayekaa mkekani chuoni ndiye diwani wa kesho. Atakachokiona kwa mwalimu wake, kwa imamu wake na kwa mtunza hazina wa msikiti wake, ndicho atakachokwenda nacho barazani. Akikulia mahali ambapo ufunguo hukabidhiwa pamoja na karatasi, hataona ajabu siku atakapotakiwa kuandika. Akikulia mahali ambapo kuulizwa ni kutukanwa, hakuna sheria itakayomfaa baadaye.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wa nchi hizi kuwa waaminifu katika walivyokabidhiwa, awajaalie raia ujasiri wa kuuliza na adabu ya kuuliza, na aibariki Jumuiya hii pamoja na waliotangulia kuijenga. Amin.